Bwana Shamba na Tunguu la Maua ya Njano

Ukitamka neno "majani" mbele yake, umejitafutia shughuli. "Majani ya nini?" angeuliza, na hapo hapo angesimama njiani, pampu ya dawa mgongoni, utake usitake uinamie huo mmea mpaka uujue. Kwake yeye hapakuwa na majani duniani. Palikuwa na ndago, mbigili, mchunga, mgagani, kila mmoja na tabia yake na ubaya wake, na mtu aliyeyaita yote majani alimwona kama mtu aliyeingia ukumbini akasalimia viti.

Sisi wa mtaa wetu, hapa Nachingwea, tulimwita Bwana Shamba. Wakubwa walimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Alikuwa ameshastaafu, lakini jina la kazi halikustaafu naye. Alifariki mwaka jana mvua zikiwa zinakwisha, na wakulima wengi wanamsimulia kwa mikorosho aliyowafundisha kupanda na kupulizia. Mimi ni fundi cherehani, sina mkorosho hata mmoja. Ninachojua kumhusu nilikiona dirishani kwangu, maana meza yangu ya kushonea imeelekea bustani yake, na kati yetu palikuwa na ua wa michongoma tu ambao yeye mwenyewe aliukata mfupi ili apate mtu wa kubishana naye.

Na tulibishana. Alikuwa na ulimi mkali kupita kiasi. Nimemwona akimgombeza mkulima mzima, mwenye wajukuu, kwa sababu amechelewa kupulizia salfa na maua ya mikorosho yameshashikwa na ugonjwa wa ubwiri unga, mpaka yule mzee akatazama chini kama mwanafunzi. Wapo waliokata mguu nyumbani kwake kwa ajili hiyo. Kuomba radhi hakukujua. Alichojua ni kuleta mche. Baada ya siku chache ungemwona anakuja na mche mkononi, mpapai au mdimu, anauweka mlangoni, anauliza habari za nyumbani kana kwamba hakuna lililopita, nawe ukajua kwamba mambo yamekwisha. Kwangu mimi kuna mdimu, mstafeli, mipera na mkomamanga, kwa hiyo mtu anaweza kukisia tuligombana kiasi gani.

Gambuti zake hazikumtoka mguuni, jua wala mvua. Ijumaa aliziacha nje ya msikiti pamoja na viatu vya wenzake, na mwadhini akalalamika kwamba mlango mzima unanuka salfa. Akaambiwa aje na kandambili. Ijumaa iliyofuata alikuja na kandambili, nazo zikanuka salfa.

Aliyokuwa akiwakataza watu, mengine aliyafanya. Mkorosho wa mbele ya nyumba yake ulikuwa haujapogolewa miaka, matawi yanagusa chini, na kila msimu unapata ugonjwa ule ule aliowagombezea wenzake. Siku moja nilimtania kwa hilo. Akanitazama juu ya ua, akasema, "Fundi, na pindo la gauni lako limefumuka tangu Jumatatu." Nikatazama. Lilikuwa limefumuka kweli. Alidai pia kwamba ming'oko ni chakula cha watu waliokosa mashamba, mtu mzima hawezi kwenda kuchimbua mizizi porini wakati Mungu amempa mkono wa kulima. Lakini mama mmoja aliyekuwa akitembeza ming'oko ya kuchemsha mtaani hakupita nyumbani kwake bila kuitwa kupitia mlango wa nyuma. Maganda yake aliyafukia kwenye mbolea, nami nilimwona akiyafukia.

Jambo moja lilinichukua muda mrefu kulielewa, nalo ni mwenendo wake kwenye makaburi.

Hakukosa mazishi. Kwa kuwa aliujua udongo, wanaume walimtanguliza kuchagua mahali pa kuchimba. Aliubana udongo kiganjani, akaulegeza, akasema hapa pataporomoka, sogeeni kule, na wakasogea. Alishuka mwenyewe kuchonga mwanandani, pale anapolazwa maiti, na hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo hata alipokuwa na umri wa kuachiwa apumzike. Lakini asubuhi ya Idi, watu wanapotoka msikitini na kupitia makaburini kuwasalimia marehemu wao, yeye alipita njia ile ile macho yakiwa barabarani, akaenda moja kwa moja nyumbani. Niliwahi kumuuliza kwa nini, kwa vile sijui kunyamaza. Akanijibu, "Wa kwangu hawana anwani."

Mkewe ndiye aliyenieleza, siku amekuja kupimwa gauni la harusi ya mpwa wake. Bwana Shamba alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana, katika kijiji kilichokuwa upande wa Ruangwa, mbali na barabara. Miaka michache baadaye watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya vya kando ya barabara, mapaa yakaezuliwa, kijiji kikawa hame. Kaburi la mama lilikuwa na kibao cha mti. Mchwa wakala kibao, moto wa kiangazi ukapita juu yake mwaka baada ya mwaka, na wale waliojua mahali lilipo wakafa mmoja mmoja. Yeye akaenda shule, akaajiriwa, akazunguka wilaya nzima na pikipiki ya ofisi akiwafundisha watu kupima nafasi kati ya mkorosho na mkorosho, na kaburi la mama yake hakuweza kulipima kutoka popote.

"Watu wanadhani anataka shamba kubwa," mkewe aliniambia, mikono imeinuliwa nami nikimzungushia futi kifuani. "Hataki shamba. Anataka kusimama kichwani kwa mama yake amsalimie. Basi. Ndicho anachokitaka toka nimemjua."

Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama kwa jicho lingine, hasa katika ile safari yake ya udongo ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiicheka.

Kila kiangazi, alipokaribia kujaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vya kitalu chake cha mikorosho, alikodi kirikuu kwenda kuleta udongo Ruangwa. Watu walimuuliza kama Nachingwea imejengwa juu ya mwamba. Aliwajibu kwamba udongo wa hame hauna mfano, una majivu ya majiko ya zamani, una samadi, una uchafu wa miaka mingi uliogeuka kuwa chakula, na mche uliooteshwa humo haukugeuki. Hilo lilikuwa kweli. Miche yake ilitoka imenenepa, watu wakaifuata kutoka Nambambo na mbali zaidi, na kicheko kikapungua. Lakini mkewe alijua, na mimi sasa nikajua, kwamba udongo ulikuwa nusu tu ya safari. Hame lile lilikuwa kijiji chao. Baba yake mdogo, kabla hajafa, alimwambia makaburi yalikuwa ng'ambo ya kijito. Basi yeye alivuka kijito, akapekua ng'ambo yote kwenye nyasi zilizoungua, asione hata kilima kidogo cha udongo. Kisha alirudi upande huu, alikoamini zilikuwa nyumba, akachimba udongo wake mweusi, akajaza sandarusi, akarudi Nachingwea bila kusema na mtu. Siku ya udongo hakubishana nami.

Alikwenda kiangazi kwa sababu kiangazi ndicho wakati wa kazi hiyo. Udongo mkavu ni mwepesi, unachekechwa vizuri, na gari linafika. Mvua zikianza, viriba vinatakiwa viwe vimeshajazwa na korosho zimeshafukiwa ndani yake. Hakuna bwana shamba mwenye akili atakayekwenda kuzoa matope. Kwa hiyo miaka yote ile hakuwahi kuliona hame lake wakati wa mvua.

Sasa nifike kwenye lile ua la njano.

Mwaka mmoja udongo ambao haujachekechwa ulibaki baada ya viriba kujaa, akaumwaga kwenye tuta la mchicha, lile lililo karibu na dirisha langu. Mvua za kwanza ziliponyesha, mchicha ukaota, na katikati yake yakaota majani membamba yenye manyoya meupe. Alisema ni ndago, akang'oa mche mmoja kwa hasira, maana ndago aliichukia kuliko nyoka. Kilichotoka hakikuwa ndago. Kilikuwa tunguu, kama kitunguu kidogo kilichovikwa nywele za kahawia. Akachomoa kisu, akalikata mbele yangu. Ndani lilikuwa la njano, na tukiwa tunalitazama rangi ikaanza kuiva, ikawa nyeusi. Akaliweka chini polepole. Yaliyobaki hakuyang'oa.

Baada ya siku kadhaa yakachanua. Maua madogo ya njano, petali sita zilizochongoka, yanafumbuka asubuhi na jua likifika utosini yamekwisha kufumba. Yalikuwa mazuri, nami nilimwambia hivyo. Yeye hakutaka kusikia uzuri. Alisimama juu ya tuta mikono kiunoni, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hajui.

Kutojua kulimuuma kweli. Alitafuna jani, akatema. Aliwapelekea wenzake wa zamani wa ofisini, mmoja akamwambia ni gugu tu, achana nalo, na hakuzungumza naye tena mpaka alipompelekea mche wa mwembe. Nililipiga picha ua kwa simu yangu, tukalitafutia jina, simu ikatoa majina matatu ya mimea mitatu, mmoja wao wa nchi za baridi. "Hiyo simu nayo inabahatisha," alisema, akanirudishia. Niliposema basi tulipe jina sisi wenyewe, tuliite nyota, alinikaripia. "Jina halitungwi dirishani, Fundi. Hili lina jina lake, na kuna mtu analijua."

Kiangazi kilipofika majani yalikauka, tuta likabaki tupu, nikadhani yamekufa. Mvua zikarudi, nayo yakarudi, mengi zaidi. Akaacha kupanda mchicha pale. Akalizungushia tuta miti dhidi ya kuku. Akawa analiita mgeni, na asubuhi ya msimu wa mvua, kabla hata hatujasalimiana, ningesikia sauti nyuma ya michongoma: "Mgeni ameamka?" Nami ningechungulia, nikamjibu ameamka au bado. Mimi nilidhani ni kiburi cha kazi tu, mtu aliyezoea kuulizwa ameshindwa na ua moja.

Mwanzoni mwa mvua zile zilizokuwa za mwisho kwake, nilifiwa na shangazi wa marehemu mume wangu kule Nambambo. Nikaenda, tukakaa matanga na wanawake wenzangu. Asubuhi moja tulitumwa maji, na njia ya kisimani inapita kando ya makaburi yao ya zamani, yale ambayo hayana saruji wala jiwe, nyasi tu. Nikaona njano. Nilifurahi kama mtoto. Nikaweka ndoo chini, nikainama nimchumie jirani yangu ua moja nimwonyeshe, na bibi mmoja, dada wa marehemu, akanishika mkono.

"Usichume hilo, mwanangu. Lina wenyewe."

"Wenyewe nani, bibi?"

"Waliolala."

Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila mara kinarudi kwenye Kimwera, na mwenzangu mmoja alinisaidia kuelewa. Zamani, alisema, kaburi likishafukiwa, wazee walipanda tunguu lile kichwani. Kibao huliwa na mchwa. Mawe huku hakuna. Moto hupita kila kiangazi. Lakini tunguu liko chini, moto haulifikii, na mvua ya kwanza ikinyesha linatoka kusema huyu yuko hapa. Siku hizi watu wananunua saruji, hakuna anayepanda tena.

"Linaitwaje, bibi?"

Alifikiri kidogo. "Sisi tunaliita la makaburini. Mama yangu alikuwa na jina lake. Alikwenda nalo."

Nikachukua ndoo yangu. Hatukufika kisimani kabla sijaelewa, na nilipoelewa nikasimama njiani. Udongo wa kwenye lile tuta ulitoka wapi? Ulitoka kwenye hame. Basi yale makaburi aliyoyatafuta miaka yote ng'ambo ya kijito hayakuwa ng'ambo; huenda baba yake mdogo alihesabu kutoka upande mwingine. Yalikuwa upande huu, pale pale alipokuwa akipiga jembe na kujaza sandarusi. Alichokuwa akikitafuta alikuwa amekipata zamani, akakichekecha, akakitia kwenye viriba, akawagawia watu wilaya nzima.

Njia yote ya kurudi Nachingwea nilikuwa nikijiuliza kama nimwambie. Ningenyamaza, angekufa bila kumsalimia mama yake. Ningesema, angejua ni nani aliyefuta alama za makaburi ya kwao. Niliumia sana, sitaficha, na nilikasirika pia, sijui nilimkasirikia nani. Nilianza na mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, khanga mdomoni. Kisha akasema, "Mwambie wewe. Mimi naishi naye ndani. Nikimwambia mimi, kila akiniona ataikumbuka siku hiyo."

Nilimkuta anafungia nyanya. Nilimpa shikamoo, akaitika, nikamwambia yote kwa mpigo, kama nilivyoyasikia, bila kupamba. Nilitegemea ataniuliza jina. Hakuuliza jina. Aliuliza, "Lilikuwa upande gani wa kaburi?"

"Kichwani."

Aligeukia tuta. Maua yalikuwa wazi, ilikuwa bado asubuhi.

"Nimewachimba," alisema.

"Hukujua, Bwana Shamba."

"Nimewachimba, Fundi. Nimewatia kwenye viriba." Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje ya tuta, akakaa chini, akavua gambuti moja, kisha nyingine. Sikuwahi kumwona peku katika bustani ile. Alikaa hivyo, miguu myeupe kwa kukosa jua, na mimi nikarudi ndani kwangu kwa sababu sikuweza kumtazama.

Alikwenda kwa shehe. Shehe alimwambia arudishe kilichotoka kule, awaombee, amwombe Mungu msamaha, na asijitese kwa jambo alilolifanya bila kujua. Hilo la mwisho hakuliweza. Matatu ya kwanza aliyaanza kesho yake. Aliyachimbua matunguu yote, kila moja na donge lake la udongo, akayapanga kwenye ndoo mbili, akayafunika gunia lililoloweshwa. Hakubakisha hata moja. Mkewe miguu ilikuwa ikimsumbua, hakuweza safari ya pikipiki, akaniomba mimi niende naye. "Asiwe peke yake pale," alisema.

Tukakodi bodaboda mbili. Barabara yote ya Ruangwa, mtu yule aliyekuwa hawezi kupita mmea bila kuutaja hakutaja mmea hata mmoja. Tulipita vijana waliovaa jezi wakienda kuitazama timu ya Namungo, dereva wake akataka kumshirikisha katika ubishi wa nani atafunga, akamwona kimya, akaacha. Tuliacha barabara, tukafuata njia ya miguu kati ya mashamba ya ufuta yaliyokuwa ndiyo kwanza yanalimwa, mpaka pikipiki zikashindwa. Tukabeba ndoo na jembe mkononi.

Nilijua tumefika kwa sababu alisimama.

Hame lilikuwa limelowa na kuwa kijani kibichi. Palikuwa na mkwaju, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililopinduka. Na upande huu wa kijito, kwenye nyasi fupi, maua ya njano. Hayakutawanyika ovyo. Yalikuwa yamejipanga mistari miwili kutoka kaskazini kwenda kusini, moja baada ya jingine, na kati ya ua na ua nafasi ya mtu. Mimi niliona maua tu. Yeye, aliyeshuka makaburini miaka mingi, aliyasoma mara moja.

"Vichwa mashariki," alisema kwa sauti ndogo. "Wamelazwa ubavu wa kulia, nyuso kibla. Hawa hapa. Hawa hapa wote, Fundi."

Kisha akaliona shimo lake. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, limekata katikati ya mstari wa pili, na pale lilipopita hapakuwa na ua. Alishuka ndani na suruali yake, maji yakamfika magotini. Akasimama humo. Aligusa chini kwa mguu huku na huku, kama mtu anayepapasa gizani, akanigeukia, na sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukiwa vile.

"Sikuwafikia," alisema. "Ni magoti tu. Kaburi ni kifua. Niambie sikuwafikia."

"Hukuwafikia, Bwana Shamba."

"Niambie tena."

Nikamwambia tena. Nililia, naye aliniona nikilia.

Wale madereva wa bodaboda walikuja kutuuliza kama tumekwama, na walipoelewa ni nini waliweka simu mfukoni, wakashika jembe. Maji yalikombwa, udongo ukarudishwa kutoka kingoni mpaka shimo likawa sawa na ardhi. Bwana Shamba akapiga magoti. Kwa kamba aliyotoka nayo nyumbani alinyoosha mstari kutoka ua la mwisho la upande mmoja hadi ua la kwanza la upande mwingine, na humo akayarudisha matunguu yake, moja kwa kila kichwa kilichopaswa kuwapo. Yaliyozidi, maana yalikuwa yamezaana kwetu, aliyapanda pembezoni. Nilimpa moja moja kutoka kwenye ndoo. Alifanya kazi ile kwa mikono mitupu, bila kuharakisha, na mgongo ulipomkataa alipumzika kwa viwiko.

Alipomaliza, likabaki lile ambalo mimi nilikuwa nikiliogopa toka asubuhi. Maua hayaandiki jina. Alitembea mstari wa kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, akatembea wa pili, polepole, akisimama kwenye kila ua. Mama yake alikuwa mmoja wao. Huenda alikuwa kwenye wale ambao alama zao zilikwenda Nachingwea na kurudi zimechanganyika, na hakuna mtu aliye hai ambaye angeweza kumwambia ni yupi. Nilimwona akifika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza upya, nikawaza mtu huyu atakuja kurudi nyumbani namna gani.

Mara ya pili hakufika mwisho. Alisimama kwenye ua moja karibu na mkwaju, dogo kuliko yale ya jirani zake, akachuchumaa, kisha akakaa kabisa kwenye nyasi zilizolowa.

"Asalaam alaykum, mama," alisema. "Ni mimi. Nimechelewa."

Nilijaribu kunyamaza. Kweli nilijaribu. Wale vijana wa bodaboda walikuwa wamerudi kwenye pikipiki zao, wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Nachingwea, na yeye alikuwa amekaa pale ametulia, kiganja juu ya udongo, uso wake umelegea. Nikasogea.

"Umejuaje kuwa ni yeye?"

"Sijui," akasema.

Hakuniangalia. Aling'oa jani kavu lililokuwa limeangukia ua, akalitupa pembeni.

"Sijui, Fundi. Lakini na huyu aliyelala hapa ana mtoto wake mahali. Kama naye alikuja akapotea, huenda alikaa kwa mama yangu, akamwombea."

Kisha akainua viganja vyake vyenye matope, nami nikainua vyangu.